Beseni la Maji ya Bluu

Mujukuu wangu Furaha,

Nilipoteza butike yangu ya bikwembe bya super, vitenge bya kweli bya bei kali, hapa Baraka mwaka wa pili wa vita. Babu yako anakusalimia, goti linamusumbua.

Unauliza nani aliifunga. Mashua za Kazimia zilizoniletea bya super zilisimama, basi nikauza bikwembe bya kuigiza kama bya kweli. Wengine waliuza vilevile, lakini mi ndiye nilishitakiwa; aliyenishitaki ni mama wa bibi-arusi mumoja. Mbele ya juji akafua katika beseni kikwembe alichonunua kwangu. Maji yakawa bluu.

"Mama, hii ndiyo super?" juji akaniuliza.

Juji akafunga butike.

Sasa nasikia huko Lubumbashi unashona etiketi za Ulaya kwenye nguo za kuigiza. Uniandikie kabla ya Jumapili: umekwisha kuuza hata moja, ao hapana?

Bibi yako