Jina Chini ya Chombo

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako unayemwita Kiherehere. Natumaini hujambo na kazi haijakumaliza. Mimi mzima, tena nazidi kupendeza, usije ukanisahau sura. Mama ndiye si mzima, na ndiyo maana leo naandika marefu, mimi niliyeikimbia shule. Hiyo miwani yako ya msomi iuvumilie mwandiko.

Barua yako ya kumlaani mjomba imefika. Umemwita tapeli, umesema amemuua dada yake, yaani mama, na kwamba siku ya msiba asikanyage.

Dada, kile chombo cha maua cha bibi, mjomba alikihangaikia miezi mitatu apate kukiuza. Macho yake sasa yanaona vivuli tu, kwa hiyo macho ya duka lake la vitu vya kale nilikuwa mimi, na bila kujisifu, macho hasa. Nilikishika dirishani nikamweleza kinavyogeuka kijani, zambarau, dhahabu, kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Yeye akapapasa nyuzi za kioo shingoni, akapapasa na lile kovu la mviringo chini, fundi alipokikata kwenye fimbo yake ya kushikia kioo cha moto, lililosuguliwa likawa laini. Tukapekua kitabu cha michoro hadi tukalipata umbo lile lile. Akasema hiki ni kioo cha Bohemia, kule Ulaya, akakitaja na kiwanda, akasema yuko tayari kuapa. Kukosa jina si hoja, vingi vya kiwanda hicho havikuandikwa. Mnunuzi alikuwepo, na hospitali ilishampangia mama siku ya upasuaji, ambao fedha ya chombo ndiyo ingeulipia.

Mnunuzi alikuja na glavu zake, mama mmoja asiyecheka. Kila alichosema mjomba, yeye alikikubali. Kisha akakipindua, akakuta jina la kiwanda limechongwa chini. Akaweka lenzi. Akasema herufi zimepita juu ya mikwaruzo ya miaka mingi ya kukaa mezani, basi herufi ndizo ngeni, na unga mweupe wa kioo bado umo ndani yake. Akasema hata kama kioo ni cha kweli, neno la duka hili hataliamini tena, wala wenzake.

Mjomba akasema amechonga yeye. Yule mama akaitazama mikono yake, ile ambayo chai haifiki mdomoni bila kumwagika. Akazitazama herufi zilivyonyooka. Akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta kitambaa.

Ni mimi, Dada. Niliona chombo bila jina ni kama mtu bila kitambulisho. Mjomba aliposinzia mchana nikachukua kidrili chake cha zamani cha kuchongea, nikanakili jina kitabuni, nikajipongeza. Sasa fedha hakuna, nafasi ya mama amepewa mwingine, na jana daktari kasema hapasuliki tena.

Barua yako nilimsomea mjomba neno kwa neno, maana hana mwingine wa kumsomea. Akanituma nijibu kwamba amekosa, umsamehe. Hapa ameketi mbele yangu, anasikia kalamu ikikwaruza, anadhani ni maneno yake. Ameuliza kama pamebaki nafasi atie sahihi. Nimemwambia ukurasa umejaa.

Mama anakusalimu, anauliza unafika lini. Njoo upesi. Ukifika, mpe kwanza mjomba mkono, ndipo unikamate mimi shati.

Sahihi hii ni ya aliyechonga,
mdogo wako, Kiherehere