Nekesa Ameingia Darasa la Kompyuta

Nekesa wetu ameingia darasa la kompyuta! Haya, sasa ndiyo nakusalimu, dada yangu Nasimiyu. Mko salama huko Bungoma? Hapa Kitale mvua inanyesha, lakini mimi sisikii baridi.

Unajua hilo somo lilikuwa la wale wakali wa hesabu peke yao. Mwaka huu shule ikasema yeyote anayetaka ajaribu, bora aonyeshe kazi yake mbele ya wazazi. Siku yenyewe tukavua viatu mlangoni kwa chumba cha kompyuta, ati vumbi inaharibu mashine. Soksi yangu imetoboka, lakini nilikaa mbele kabisa. Nani ataniuliza?

Nekesa ametengeneza programu yake mwenyewe ya wafugaji. Akaniuliza mbele ya watu, "Mama, ng'ombe wetu alipandwa na fahali lini?"

Nikasema, "Si ni siku ile tulimaliza kuvuna maharagwe?"

"Mama, kompyuta haijui maharagwe! Taja tarehe."

Watu wakacheka. Nikahesabu na vidole mpaka nikaipata. Akaandika, akabonyeza, na siku ya kuzaa ikatokea hapo kwa skrini! Mzee mmoja akasimama, "Hebu weka na wangu!" Wazazi wakapanga laini kama wamemwona daktari wa mifugo. Mwalimu akaandika jina la Nekesa papo hapo.

Si huyo ametoka kwa tumbo langu, bana?

Nakukumbatia wewe, shemeji na watoto. Tutamshukuru Mungu nyumbani kwangu kijijini Ndalu, na mbuzi yuko. Nyote mje Jumamosi ya kwanza shule zikishafungwa.