Pakiti Mbili kwa Mteja Mmoja

Mama,

Leo ile supermaketi ya karibu na steji ya matatu imeweka tena sukari kwa ofa. Karatasi imebandikwa mlangoni, palepale ulipozoea kuisoma kwa kidole, na chini yake kuna maneno yaleyale: pakiti mbili kwa mteja mmoja. Nimeisoma mara mbili. Niko na hasira na wewe tangu tulipokuzika, na nimechoka kuwaambia watu kwamba naendelea vizuri.

Ulikuwa mjanja, wacha nikupe haki yako. Unga ulinunua supermaketi moja, mafuta nyingine, sabuni ile ya ng'ambo ya barabara ya Namanga. Mkate ulinunua jioni, ukishapunguzwa bei. Ulizunguka Kitengela nzima kwa miguu, kwenye vumbi na upepo ule, maana nauli ya boda ingekula faida yote. Na kwa sababu kila mtu aliruhusiwa pakiti mbili tu, tangu nikiwa darasa la tatu ulinifundisha kusimama laini tofauti na yako. "Hapa ndani mimi sikujui," uliniambia kila tukifika mlangoni. "Usiniite Mama mpaka tutoke."

Kwangu ulikuwa mchezo. Nilikupita kati ya rafu kama mtu nisiyemjua, nawe ukanipita na uso wako mkavu, halafu tukifika nje tunacheka mpaka unashika ukuta. Kicheko hicho nakikumbuka kuliko sukari yenyewe.

Lakini nilifika miaka thelathini na moja, niko na mshahara na mtoto, na bado nilikuwa nasimama laini yangu. Siku moja nilikuambia tununue tu kwa bei ya kawaida, ukasema pesa yangu ni ya kodi ya nyumba na karo ya Neema. Sikubisha. Kubisha hukunifundisha.

Siku ile ya mwisho wewe ulikuwa laini ya tatu, mimi ya tano. Nilikuona umeshika troli kwa mikono miwili. Nilikuona ukiinama, nikadhani unatafuta pesa kwa mkoba. Halafu ukakaa sakafuni, wewe ambaye hata kanisani hukukaa kabla ya kupangusa kiti. Mwanamke aliyekuwa nyuma yako akauliza kwa sauti, "Huyu mama ako na mtu?"

Nilinyamaza, Mama.

Keshia alikuwa ameshika pakiti yangu ya pili. Ulinitazama, nami nikaangalia pembeni, vile ulivyonifundisha. Yule mwanamke aliuliza mara ya pili ndipo nikasema ni mama yangu, na watu wakanigeukia kama mwizi. Kesho yake asubuhi, hospitalini, ukaniacha bila kusema neno. Daktari alinieleza kwamba dakika ile haingebadilisha kitu, moyo wako ulikuwa umechoka kitambo. Namwamini. Ila hakuna daktari wa kuniambia yale macho yako yalisema nini. Sijui kama ulikuwa unaniomba nije, au unanikanya nisije. Ulikufa ukaniachia hilo.

Na wale mashangazi, waliokucheka miaka yote kwamba rahisi ni ghali? Wakati wa matanga ndio walioinama uvunguni mwa kitanda chako, wakatoa sukari, mchele na unga. Ulisema akiba haiozi. Pakiti mbili za unga zilikuwa zimeingia wadudu. Sukari waliimaliza kwa siku tatu, wakijimiminia kwa chai bila kupima, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia chai hiyo. Sukari ile ile tuliyokanana kwa ajili yake.

Hayo ningeyameza. Lakini leo nimeingia na Neema. Ana miaka saba, unamjua. Tulipofika kwa sukari, akachukua pakiti mbili, akaachia mkono wangu, akaenda kusimama laini nyingine. Sikumtuma. Alipopita karibu nami hakuniangalia, alinyoosha tu mkono kwa chini nimpe noti. Uso ulikuwa mkavu kama wako. Kumbe siku zile nikiwa kazini ulikuwa unakuja naye, na hukuniambia.

Nilitaka kulia, nilitaka pia kukugombeza, na hukuwepo. Nikamwita kutoka laini yangu, "Neema, kuja kwa mama yako." Watu wakageuka. Yeye akaniangalia kama nimeharibu mchezo, akarudisha pakiti zake, akaja. Nje akaniuliza kwa nini nimemwita ndani. Nimemwambia mtoto wangu ataniita popote, hata sukari ikiisha nchi nzima. Amesema wewe, Kukhu wake, hukusema hivyo.

Basi hii ndiyo ahadi yangu: Neema hatasimama laini tofauti tena, na tukikosa ofa tutakunywa chai bila sukari. Disemba nitampeleka nyumbani Bungoma, tusimame kando ya kaburi lako sote wawili, tukuite kwa sauti mpaka majirani watoke nje. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Pumzika sasa, hakuna ofa huko. Ulisema nisikuite mpaka tutoke. Wewe umeshatoka.

Mama.

Mama.

Ni mimi wako,
Naliaka