Wimbo Namba Saba Haukuwa na Maelezo

Mlandege, Iringa
Jumatatu, baada ya mvua ya mchana

Mdogo wangu Juliana,

Kamwene! Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Saulo, na kwamba mpwa wangu Goodness ameshapona kile kikohozi cha vumbi la Makongolosi. Huku mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Nashona viatu nimevaa makoti mawili kama mwizi wa makoti. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Ipo sababu na nitaifikia, ila niache kwanza nishukuru, maana anayeanza na kuungama humharibia msomaji chai yake.

Memori kadi yako ilifika Alhamisi kwa kondakta wa basi, imefungwa ndani ya soksi ya Goodness kama kawaida. Asante sana. Kwa miaka miwili nimekuwa nikikutumia asante hiyo kwa mkato kwenye ujumbe wa simu, leo nataka niiseme yote. Tangu mke wangu Bertha afariki, Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mtu ananiuliza naonaje. Siku nyingine naulizwa tu viatu vitakuwa tayari lini.

Nimeshakusimulia tunavyokaa baada ya ibada pale barazani kwa Bi Kanta, mjane wa Mulji muuza vitambaa. Tuko wanne: yeye, Mwalimu Philbert aliyestaafu, Rabson wa chuo mwenye spika, na mimi. Kila mmoja analeta wimbo mmoja wa mtu asiyejulikana, mtu na gitaa lake, siyo hizi zinazopigwa kila kona mpaka kuku wanazijua. Wimbo ukiisha, aliyeuleta anasimama na kueleza kwa nini tuusikilize, na haruhusiwi kumtaja mwimbaji kabla hajamaliza kusifu. Sheria hiyo ni ya Bi Kanta. Anasema jina likitangulia, masikio yanalala.

Hapo barazani mimi naitwa Profesa. Usicheke. Nimeupata uprofesa kwa nyimbo zako, na zaidi kwa vikaratasi vyako. Wachimbaji wanakuja kibandani kwako kuchaji simu, kila mmoja na wimbo wa kwao, nawe unachagua, unanipangia namba, kisha unaniandikia. Uliandika juu ya kijana wa Rungwe aliyejirekodi jikoni, kwamba mvua inaingia kwenye ubeti wa pili naye hakuifukuza. Uliandika juu ya yule dada wa Njombe anayeimba kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Mwalimu Philbert aliomba wimbo wa huyo dada urudiwe mara tatu, halafu akatueleza habari za binti yake aliyefariki, jambo ambalo hakuwahi kulitaja mbele yetu. Wa yule kijana, Rabson ameusambaza chuo kizima. Sifa zote nazipokea mimi, nimekaa kimya kama paka aliyelamba maziwa.

Sasa habari ya jana. Rabson alichomeka kadi yako, nikamwambia apige namba sita. Wimbo ukaanza, nami nikaangalia kidole gumba cha mguu wa Bi Kanta, ambacho hucheza pamoja na wimbo na kutulia wimbo ukiisha. Kikatulia. Nikasimama nikaisifu namba sita kama ulivyoiandika: sauti nzito ya mwanamume, kinanda kidogo, mwanzo wa polepole kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Nilisifu hasa, na mikono nikaitupa. Nilipomaliza, nikaona Bi Kanta anafuta macho kwa ncha ya sari, na Mwalimu amenikodolea macho. Rabson akanisogezea simu na kunionyesha kwa kidole. Alikuwa amegusa namba saba.

Namba saba haimo kwenye karatasi yako, Juliana. Nimeigeuza pande zote mbili.

Basi nikuungamie. Sisikii. Zile karasha za Makongolosi nilizosagia mawe ya dhahabu miaka kumi na mmoja ziliyala masikio yangu kidogo kidogo, na mwaka juzi yakaisha. Mtu akinisogelea na kupaza sauti napata maneno mawili matatu, mengine nayasoma midomoni mwake, lakini wimbo kwangu ni mvua kwenye bati la jirani. Ndiyo maana sipokei simu zako, nikikudanganya kwamba mtandao unasumbua. Kila wimbo wako niliousifu, nimeusifu kwa maneno yako. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ungeacha kutuma. Nani humpelekea kiziwi nyimbo? Na bila nyimbo zako sina kiti pale barazani.

Niliwaambia palepale, nikisubiri aibu. Mwalimu Philbert akachukua daftari lake, akaniandikia kwa herufi kubwa kwamba walijua siku nyingi, maana mara mbili Bi Kanta alisinzia nami nikasimama kusifu wimbo ungali katikati. Waliona heri wanyamaze kuliko kunipoteza. Kisha Bi Kanta akanishika mkono, akauweka juu ya spika, na kumwambia Rabson airudie namba saba. Nikahisi gitaa likigonga kiganja changu. Mwalimu, ambaye ni Mhehe mwenzetu, akawa ananiandikia huku wimbo ukienda: ni mwanamke, anaimba Kihehe, jogoo anawika nyuma yake. Anaimba juu ya njia ya kwenda chemchemi na ndoo asubuhi ya ukungu, na kaka aliyetangulia akiimba kwa nguvu ili mdogo wake aifuate sauti asipotee. Mwishoni anasema, asante kaka, nilifika.

Ukungu ule naujua, Juliana. Ndoo ile naijua. Nililia mbele ya duka la watu mchana kweupe, mkono juu ya spika, na sikuona haya hata kidogo. Baraza zima limekusikia, isipokuwa mimi uliyeniimbia.

Asante, mdogo wangu. Bi Kanta anakusalimu na anasema ukija Iringa kitambaa cha gauni kinakusubiri. Mwambie shemeji avae kitu masikioni akiwa karibu na karasha, asijifanye jasiri kama mimi. Soksi ya Goodness imo humu, na kadi imo ndani yake, tupu, tayari kujazwa.

Jumapili ijayo namba saba inarudiwa kwa ombi la wote, na mimi ndiye wa kusimama. Sheria ni ileile: nisifu kwanza, ndipo nikutaje. Kwa hiyo, tafadhali, niandikie wimbo huu kama ulivyoniandikia za wengine wote. Usione haya kujisifu. Niambie sauti yako ikoje.

Ni mimi kaka yako,
Liberatus