Mume Wangu Ametupangia Hoteli Mlangoni mwa Bustani, Mimi Naililia Njia

Bi Shaikha mpendwa, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka cheka kwanza umalize, kwa sababu mwenyewe najua tatizo langu likisemwa kwa sauti linaonekana la mtu aliyeshiba akakosa la kulalamikia. Lakini siku kumi na moja sasa sina raha, na katika nyumba hii ya watu tisa hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia.

Nakaa Mabela, hapa Muscat, na mume wangu Marhoon, mama yake, wifi yangu na wanawe watatu, na wanetu wawili, Yaqdhan wa miaka tisa na Rawya wa miaka sita. Tumeoana miaka kumi na mbili. Marhoon ni mtu mwema, sijapata kusikia tusi kinywani mwake, ila si msemaji. Nyumbani ananiita Mama Yaqdhan kama wanavyoniita wote, na maneno yetu ya siku nzima ni chai ipo, watoto wamesali, gari yako ina mafuta. Asubuhi yeye anakwenda kazini Ruwi na gari yake, mimi nawapeleka watoto skuli na yangu, na tukitoka pamoja, iwe harusini au matangani, mavyaa wangu, huyo mama yake, ndiye anayekaa kiti cha mbele pembeni ya mwanawe, kama ilivyo haki yake, na mimi nakaa nyuma na watoto. Sijapata kulilalamikia hilo wala silalamiki sasa, mama yangu mwenyewe alikaa mbele kwenye gari ya kaka yangu mpaka siku zake za mwisho.

Sasa mwaka jana, likizo ya nusu mwaka, tuliwaahidi watoto kuwapeleka kwenye ile bustani kubwa ya mabembea upande wa Abudhabi. Marhoon alichelewa kutafuta, hoteli za pale pale zote zimejaa, akapata fleti ya kupanga Al Ain, mwendo wa saa moja na robo kwa gari mpaka bustanini. Mavyaa akasema magoti yake hayawezi kwenda na kurudi kila siku, akabaki Mabela. Na mimi nilinuna, nakiri, maana niliziona siku tano za kuamka alfajiri na kupakia watoto garini wakati wenzetu wanalala mpaka jua limetoka halafu wanatembea tu na kandambili mpaka langoni.

Basi asubuhi ya kwanza tukasali, nikachemsha chai ya maziwa na iliki nikaijaza kwenye chupa, nikafunga mikate ya kumimina, tukawabeba watoto na nguo zao za kulalia tukawalaza kiti cha nyuma chini ya blanketi, nami nikafungua mlango wa mbele nikakaa, na nikahisi nimekaa mahali pa mtu. Kulikuwa na ukungu, Bi Shaikha, ukungu mweupe umelala juu ya barabara, taa za gari zinaingia ndani yake zinapotea, miti ya pembeni inajitokeza mmoja mmoja na kurudi ilikotoka, mara ngamia watatu nyuma ya uzio, hawaonekani miguu, miili tu inaelea, na mimi sijui kama nimeamka au bado nimelala. Nikammiminia chai. Akanywa, akanirudishia kikombe, halafu akasema, "Khole."

Sijui nikueleze vipi. Si kwamba halijui jina langu, limeandikwa kwenye kila karatasi ya nyumba ile, lakini sikumbuki mara ya mwisho lilitoka kinywani mwake. Akasema, "Khole, unajua mimi nikirudi kazini hukaa garini pale nje kabla sijaingia ndani? Dakika kumi hivi. Nnaisikiliza injini inavyopoa."

Nikamuuliza, "Unafikiri nini?"

Akasema, "Sifikiri kitu. Nnapumzika tu, kabla sijawa baba wa fulani na mtoto wa fulani."

Ikawa hivyo siku zote tano. Watoto wanakoroma nyuma, ukungu unafunguka mbele yetu na kujifunga nyuma yetu, na mtu huyu niliyemzalia watoto wawili ananihadithia kwamba alitaka kuwa mwalimu wa jiografia lakini marehemu baba yake akamtaka aingie wizarani, kwamba hapendi lifti na ndiyo maana hupanda ngazi mpaka ghorofa ya sita, kwamba siku ya harusi yetu alikuwa amejifunza maneno ya kuniambia, akayasahau nilipoinua uso, akaja kuyakumbuka miaka mitatu baadaye na kuona haya kuyasema. Nikambana aniambie, akacheka, akasema, "Safari ijayo, tukiwa njiani." Na mimi pia nilisema mambo ambayo sikujua kama ninayo. Siku ya nne aliipita njia ya kutokea. Mimi nilikiona kibao, kikubwa, kina picha ya bembea, nikanyamaza. Tukaenda mbele dakika nyingi ndipo tukageuza, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Bustani yenyewe ilikuwa nzuri, watoto walifurahi, lakini ukiniuliza mimi leo nilipanda bembea gani sikumbuki. Nakumbuka tukiikaribia tu, lile gurudumu kubwa linachomoza juu ya ukungu bila nguzo, na moyo wangu unasinyaa kwamba tumeshafika.

Kosa langu linakuja hapa. Tuliporudi watu wakauliza, mlifurahi? Nami nikaogopa. Niliona furaha ile nikiitoa hadharani itapigwa jicho, wallahi, niliiona changa mno. Kwa hiyo nikawa nasema, tuacheni, tumeteseka, tulilala mbali, njia haishi, mgongo wangu mpaka leo. Nilimwambia mavyaa, nikamwambia wifi, nikalisema harusini, nikaliandika kwenye kundi letu la simu, na kila aliponipa pole nilijiona nimeificha hazina yangu vizuri.

Ijumaa ile, siku kumi na moja nyuma, baada ya chakula cha mchana, Marhoon akatuita sote sebuleni akafungua simu. Ametuchukulia hoteli ndani ya eneo la bustani. Akasema mbele ya watu wote, "Hatua chache tu mpaka langoni. Mwaka huu njia haikuchoshi tena, Mama Yaqdhan." Mavyaa akasema, "Ikiwa hakuna kwenda na kurudi, basi na mimi nnakwenda." Wifi akapiga vigelegele. Mimi nikalia, na wote wakanikumbatia wakidhani nalia kwa furaha.

Tunaondoka wiki mbili zijazo. Nikimwambia aivunje hoteli nitaonekana sina shukrani, mavyaa atadhani simtaki, na watoto wameshahesabu siku. Nikinyamaza, narudi kiti cha nyuma, na sijui kama na yeye aliipenda njia ile, wala kama nitapata tena kumsikia Marhoon yule. Nikifumba macho nauona ukungu ule ule na sauti yake ndani yake. Nifanye nini, Bi Shaikha? Na tafadhali yabadilishe majina yetu, Mabela imekua lakini bado tunajuana.

Mama Yaqdhan, Mabela

BI SHAIKHA ANAJIBU

Mama Yaqdhan, majina nimeyabadilisha, ngamia nimewaacha. Na sikucheka. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nikakuonea huruma yote niliyonayo mpaka ulipofika kwenye ule mgongo wako unaouma, hapo huruma ikanikatika.

Kuogopa jicho si kosa, hata mimi naogopa. Lakini anayeogopa jicho husema alhamdulillahi akabadilisha mazungumzo, akauliza habari za mtoto wa mwenzake, akaomba chumvi. Wewe umezichukua siku tano tamu kuliko zote za ndoa yako ukazitangaza mateso kwa mama yake mzazi, kwa dada yake, harusini na kwenye simu. Mwanangu, hasidi uliyekuwa ukimkimbia sijui hata kama yupo. Mwenye kuumia namjua, na unakula naye meza moja.

Umeniuliza kama uivunje hoteli. Usiiguse. Mtu ameihangaikia, watoto wamehesabu siku, na wewe uliomba kwa mdomo wako mwenyewe ingawa hukujua unaomba. Mkalale ndani, mpande hizo bembea, na safari hii ukumbuke japo moja.

Kuhusu mavyaa wako, kiti cha mbele mpe kwa mikono miwili kuanzia Mabela mpaka mtakapoteremka, na umwekee mto wa magoti. Tena mshukuru kwa kuja. Umekaa unalia hukupiga hesabu ndogo kabisa. Mwaka jana msingeweza kutoka hatua moja bila ya watoto, mwaka huu kuna bibi yao. Watoto wanalala kwake, nyinyi mkishasali mnachukua funguo mnatoka nje ya bustani hiyo, mnakwenda mpaka mnapopata chai, kisha mnageuza mnaingia tena kwa gari kama watu waliolala mbali. Geti likifunguliwa mmesharudi. Ukungu hauulizi mtu amelala hoteli gani.

Lakini hiyo ni ya huko. Kazi yako ya wiki hii iko hapa Muscat. Kwanza, nenda kwa mavyaa na wifi, kwa mdomo ule ule uliosemea, uwaambie safari ya mwaka jana ilikuwa njema na Marhoon aliwatunza njia nzima. Huna haja ya kusema zaidi, ya gari yabaki ya gari. Ukiona haya, ndiyo vizuri, haya hiyo ulitakiwa kuiona wakati unajipa ugonjwa wa mgongo.

Pili, Marhoon. Leo akirudi kutoka Ruwi usimngoje jikoni. Ukisikia gari imezimwa, toka, fungua mlango wa mbele, kaa. Atashtuka, mwache ashtuke. Mwambie, "Ile njia ya Al Ain niliipenda. Nilisema nimechoka kwa sababu niliogopa kuipoteza." Usianze na samahani ndefu, utalia na yeye ataanza kutafuta tishu, na mazungumzo yataishia kwenye tishu. Sema hayo mawili kisha nyamaza, umpe nafasi. Yale maneno yake ya siku ya harusi usimbane tena, yatatoka yenyewe au hayatatoka, na vyote viwili utavistahimili.

Unaniambia hujui kama na yeye aliipenda. Hujui vipi? Mwanamme anayekwenda Ruwi na kurudi kila siku ya kazi, barabara ile yenye matawi na makutano chungu nzima, hapitwi na njia ya kutokea yenye kibao kikubwa na picha ya bembea. Uliona kibao ukanyamaza. Na yeye alikiona.

Najua utasema, Bi Shaikha, ngoja nisubiri tufike huko, nitamwambia asubuhi moja tukiwa wawili, itapendeza zaidi. Hapana, na nitakwambia kwa nini, na hili litakuuma.

Mtu asiyesema alikufungulia kifua chake asubuhi tano. Alikwambia ambayo hajamwambia mama yake. Akarudi nyumbani, na baada ya siku chache akaanza kusikia, kwa mama, kwa dada, kwa wake za marafiki zake, kwamba mkewe alichoshwa na njia. Wewe unadhani alisikia habari ya umbali? Umbali aliujua, aliuendesha mwenyewe. Njiani mlikuwa wawili na watoto wamelala, na kitu kimoja tu kilichokuwa kikiendelea saa nzima ni sauti yake. Alichosikia Marhoon ni kwamba alikuchosha yeye. Akanyamaza, akaenda kutafuta mahali ambapo hutalazimika tena kumsikiliza, hatua chache mpaka langoni, akakupa zawadi mbele ya watu, na wewe ukalia kwa shukrani.

Kila siku unayopitisha, anazidi kuamini hivyo. Mwambie leo.