Jirani Anayenigongea Matikiti

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana jambo hili limenikaa kooni, mume wangu hajui, wanangu hawajui, na ukiisoma barua hii redioni usinitaje ila kwa jina la sokoni, Mama Gonga, ingawa hilo nalo wateja wangu wote wanalijua, basi potelea mbali.

Mimi nalima matikiti maji na kuyauza mwenyewe kwenye soko la wakulima, na jina hilo nililipata kwa sababu mteja akija kwangu hachagui, ananiambia tu, "Mama, nigongee la kuliwa leo," nami nagonga, nasikiliza, namkabidhi, na hajawahi kurudi mtu kunilalamikia kwamba alipasua akakuta jeupe ndani. Sasa mshauri wangu, msimu huu ulipoanza nikagonga tikiti nikasikia kama nagonga godoro, nikagonga jingine, godoro, nikageuza kichwa nikatega sikio la kushoto nikapata kidogo, ndipo nikajua la kulia limeniaga, na hilo la kushoto kukiwa na kelele halinifai kitu, na mbele yangu amesimama fundi cherehani, mteja wangu wa siku zote, amenyoosha mikono anasubiri tikiti lake.

Jirani yangu wa kulia anauza nyanya. Tunamwita Komando kwa sababu hacheki na mtu, ukiiminya nyanya yake umeinunua, na mimi na yeye miaka yote ilikuwa habari za asubuhi na basi. Siku hiyo aliniona. Akaja, akanisukuma kwa kiuno, akagonga mawili matatu, akamwambia fundi, "Chukua hili. Huyu leo ananipima, anataka kuona kama na mimi najua." Fundi akacheka, akalipa, akaenda zake, na mimi nikabaki nimeshika mzani machozi yakinilengalenga.

Tangu hapo yeye ndiye masikio yangu. Nikigonga mimi, anasikiliza kutoka mezani kwake, akigusa kilemba limeiva, akijifuta mkono kwenye aproni bado, na hatukukaa kulipanga hili, tulijikuta tu tunaelewana. Lakini sasa ni kilele cha msimu, joto limepamba moto, soko limefurika watu na mapichi na mahindi mabichi na spika za matangazo, Komando hasikii tena kutoka kwake, inabidi aje mpaka kwangu, na akija meza yake inabaki yatima. Jumamosi iliyopita niliwaona kwa macho yangu wateja wake wakisimama, wakiangaza huku na huku, wakaondoka kwenda kwa mwingine, na kama hilo halitoshi, mimi nimebahatika niko ubavuni mwa ukuta nina kivuli, yeye yuko juani, ikifika alasiri nyanya alizobaki nazo zimelainika anaziuza kwa bei ya kutupa.

Nimejaribu kumshukuru. Nilipofungua tu mdomo akanikata, "Ukinishukuru naacha. Kwani nimekutolea figo?" Nikamtuma mume wangu ampelekee tikiti kubwa kuliko yote nyumbani kwake, nikasingizia ni ujirani mwema, mume wangu akarudi na tikiti lile lile na ndoo ya nyanya juu yake, anatabasamu, "Huyu mama mkarimu kweli."

Nifanyeje, mshauri? Nikimwambia asije tena, nitauza matikiti mabichi na jina langu litaishia msimu huu huu. Nikisema wazi kwamba sisikii, nahofia wateja watanikimbia. Nikinyamaza, nakula riziki ya mwenzangu huku naiona. Hata kusali nashindwa, kila nikianza kumshukuru Mungu kwa ajili yake naziona nyanya zile juani.

Mama Gonga

*

Mama Gonga,

Kwanza pole, na pili hongera, kwa sababu watu wananiandikia kila wiki kunishtakia majirani, na wewe ndiye wa kwanza msimu huu kuniletea kesi ya jirani mwema kupita kiasi. Nimeisoma barua yako nikamsomea na dada yangu, akasema, huyo Komando tunamtaka mtaani kwetu.

Sasa tuje kwako, maana nina ugomvi na wewe. Goti lingekuuma ungekwenda hospitali ukichechemea. Sikio limezimika tangu msimu uanze, nawe unageuza kichwa kama kuku na kumficha mume! Mwambie leo, kabla ya chakula. Kesho nendeni wote wawili mkaonane na mtaalamu wa masikio. Huenda ni nta tu imejaa, huenda ni jambo kubwa zaidi, mimi si daktari na wewe pia si daktari, kwa hiyo njiti ya kiberiti uliyokwisha kuitia humo, usinibishie, iache.

Kuhusu wateja, acha woga. Wewe ni mkulima, matikiti hayo umeyalea mwenyewe. Ligeuze uone lile baka lililokuwa chini udongoni, likiwa la manjano iliyokolea ni dalili nzuri. Tazama kikonyo kimekauka au bado, lipime uzito mkononi. Hayo yote macho na mikono inayaweza. Anayeuliza mbona hugongi, mwambie sikio limegoma na mwenzako anakusaidia. Atakayekukimbia kwa hilo hakuwa wako. Fundi cherehani hatakwenda popote, nakuhakikishia.

Na Komando akija kugonga, kwa nini wewe unabaki hapo umeduwaa? Vuka! Simama mezani kwake, pima nyanya, pokea wateja, mkaripie anayeminya. Ni sikio lililogoma, mikono haijagoma.

Sasa la shukrani. Umenieleza habari ya jua na kivuli kwa pumzi moja, kisha ukapita, ukaja kuniuliza ufanyeje. Mama, umekalia jibu! Jumamosi fikeni mapema, wewe na mume wako, kabla Komando hajapanga bidhaa. Msimamizi wa soko mwambieni siku moja kabla, asije akaleta maneno. Hamisha matikiti yako juani, uyafunike kwa magunia, ganda lake ni gumu, yatavumilia kuliko nyanya. Upande wa ukuta mwachie yeye. Tena ona, akikaa huko atakuwa kushoto kwako, upande wa sikio linalosikia, na labda safari hii mtapata cha kuzungumza zaidi ya habari za asubuhi.

Neno asante usilitamke, kwa kuwa amekataza, na mtu kama huyo huheshimiwa kwa kutii. Akifoka, mwambie umechoka kukaa kwenye baridi ya ukuta. Atajua unadanganya. Mwache ajue. Alasiri ikifika, nyanya zake zikiwa bado ngumu, atakutazama, wewe jifanye una shughuli na mzani.

Tikiti alilirudisha na ndoo ya nyanya juu yake. Kivuli tuone atakirudishaje.

Mshauri wako