Kitambaa chenye Pindo

Jumanne, 5 Machi

Nimemaliza kuhudumia greda kubwa. Chujio jipya, mafuta mapya ya haidroliki, vifuniko vyote vimekazwa. Katikati ya kazi mtunza stoo aliniita: alikuwa ametoa chujio la mashine ya kushindilia badala ya la greda. Nikaziba mdomo wa tangi kwa kitambaa ili vumbi lisiingie, nikaenda kumwonyesha namba kwa kidole. Mtu ametunza stoo miaka sita na namba hazisomi — basi.

Niliporudi kitambaa hakikuwapo. Upepo, nadhani. Nikajaza mafuta, nikafunga.

Greda imetoka saa sita. Dereva wake ni mwanamke tunayemwita Mstari, kwa kuwa akikata barabara hakuna haja ya kamba. Aliniuliza kama mgonjwa amepona. Nikamjibu kwamba mashine haiugui, huumizwa na watu. Alicheka.

Alhamisi, 7 Machi

Mstari amerudi na malalamiko. Asubuhi greda ni nzima, anasema, lakini ikifika saa nne jembe lake la kukwangulia linapanda kwa uvivu na pampu inakoroma kama mtu aliyeshiba. Nikaiwasha. Nikapandisha jembe mara tano, likapanda sawasawa. Nikamwambia aache kukanyaga mafuta kama mtu anayefukuzwa.

"Haya, baba. Lakini mimi ndiye ninayeshinda nayo kutwa."

Mchomeaji wetu, Cheche, alidakia kwamba huenda mashine inanionea haya. Nimemwambia ulimi wake ungechomelea vizuri kuliko mkono wake.

Daftari la karakana: "Mashine nzima." Sahihi yangu.

Jumapili, 10 Machi

Mapumziko. Mke wangu amefua. Kila wiki hunipa vitambaa sita vilivyokatwa kwenye mapazia yetu ya zamani, yale ya kijani, na kila kimoja amekipinda kingo kwa cherehani ili nyuzi zisidondokee kwenye mafuta. Karakana nzima huviita vitambaa vya bwana harusi. Waite watakavyo. Mimi sijawahi kuacha uzi ndani ya mashine.

Leo amehesabu vitano.

"Cha sita umemgawia nani?"

Nimesema kimeanguka mahali.

"Wewe? Uangushe kitu?" Akarudi kwenye beseni lake.

Jumanne, 12 Machi

Ajali. Greda imegonga ukuta wa kalavati. Ukuta umebomoka, pembe ya jembe imepinda. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mshika bendera alikuwa amesimama palepale, muda mfupi kabla akaondoka kwenda kunywa maji. Mstari anasema aliinua jembe mapema, likakataa kupanda.

Greda imeletwa kwa kuvutwa. Ilipofika ilikuwa imekwisha kupoa. Nikaijaribu mbele ya mkuu wa karakana, mtu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Jembe likapanda.

"Mzee," alisema, "daftari lako linasema nzima, na macho yangu yanaona nzima. Basi tatizo ni mtu."

Nikaandika: uzembe wa dereva. Maneno matatu.

Kikao ni Jumatatu. Akipatikana na kosa atashushwa kwenye greda na kupewa bendera akae juani. Miaka kumi na mmoja kwenye usukani ule.

Hakupaza sauti. "Wewe ndiye fundi, baba. Ukisema ni mimi, basi ni mimi." Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 13 Machi

Breki za lori la maji. Kazi ya kawaida. Mkono unakitafuta kitambaa cha sita.

Jumamosi, 16 Machi

Karakana imefungwa saa saba mchana. Nimebaki.

Nimeifikiria kwa utaratibu, kama ninavyowafundisha wengine. Mashine iliyopumzika inafanya kazi. Ikifanya kazi saa nyingi inachoka. Ikizimwa, inapona. Chuma kibovu hakiponi kwa kupumzika. Basi ni kitu laini, ndani ya tangi: kinavutwa polepole hadi mdomo wa bomba la pampu, kinauziba, injini ikinyamaza kinaachia, kinaelea.

Nilikwisha kujua kabla sijalegeza boliti ya kwanza.

Nimekinga mafuta kwa ndoo. Kikatoka chenyewe, kimejikunja kama panya aliyelowa. Cha kijani. Pindo la mishono miwili.

Ukutani, juu ya meza yangu, kuna maandishi niliyoyapaka kwa mkono wangu miaka ishirini iliyopita: HESABU UNACHOINGIZA, HESABU UNACHOTOA.

Cheche alirudi kuchukua simu yake, akanikuta. Akakitazama kitambaa. Akautazama ukuta. Hakufanya mzaha, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mzee, umebakiza miezi minne ustaafu. Mimi sijaona kitu. Gesi yangu hii hapa, kukiteketeza ni kufumba na kufumbua."

Nikamwambia aende nyumbani kwake. Akafika langoni, akageuka. "Mkuu akiniuliza, sijaona kitu. Mstari akiniuliza, hapo sijui."

Nyumbani nimejilaza alasiri, jambo nisilolifanya. Usingizi haukuja.

Jumapili, 17 Machi

"Kitambaa umekipata?" mke wangu ameuliza.

"Nimekipata."

"Kilete nikifue na wenzake."

"Bado."

Ameanika vile vitano.

Nimeandika maelezo, ukurasa mmoja. Nakala ya kwanza ilisema kitambaa kilisahaulika ndani ya tangi. Nimeichana. Nilikisahau mimi. Nimeandika hivyo, nikaweka tarehe. Sahihi sijaweka.

Jumatatu, 18 Machi

Saa tatu kasorobo. Benchi la nje ya ofisi ya mkuu. Naandika juu ya goti.

Mstari amekuja na gauni. Sijapata kumwona bila ovaroli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Amesogea kunipa nafasi. Ameuliza hali ya mama nyumbani. La kikao hajaligusa. Ameikunja barua ya wito mara nne, anaikunjua, anaikunja. Kisha, kama anayezungumza na viatu vyake: "Nimemwambia mama yangu nitakuwa na kazi nyepesi sasa. Amefurahi, masikini."

Maelezo yamo mfuko wa shati. Sahihi nimeiweka hapa hapa benchini, sasa hivi.

Kitambaa kimo mfuko wa suruali. Nilikikamua, nikakifunga kwa gazeti, lakini mafuta ya haidroliki hayaheshimu gazeti. Doa limekwisha kupenya suruali ya kijivu na linazidi kupanuka. Mstari ameliona. Harufu ya mafuta hayo anaijua kuliko mkuu. Ameona na kipembe cha kijani kinachochungulia, na pindo lake. Amelitazama doa, akanitazama usoni. Barua haikunji tena.

Karani amefungua mlango, anamwita dereva. Nimemwambia Mstari aketi kwanza. Karani anasema utaratibu ni dereva kwanza, fundi baadaye. Utaratibu naujua kuliko yeye. Nafunga kalamu —